Nilivyokwenda Kumtukana Maalim Kombo

Tangu nirudi sipati kunywa kahawa yangu ikiwa moto. Kila nikikaa barazani mmoja wenu huuliza, "Rashidi, kweli ulimtukana maiti wa watu Msambweni?" Kabla sijajibu, mwingine ameshadakia habari ya jogoo, na wa tatu amecheka mpaka amemwaga kikombe. Habari mlizonazo zimepita midomo mingi, na kila mdomo umetia chumvi yake. Basi nimeamua kuiandika safari yote, kituo kwa kituo, ili anayetaka kunicheka anicheke kwa haki. Makosa yangu nimeyaacha kama yalivyo.

Wasiomjua Maalim Kombo wa Mkwiro na wajue hivi. Tulisoma chuo kimoja Tiwi, kwa ami yangu. Yeye aliletwa mtoto kutoka kisiwani, mimi nilikuwa mwenyeji. Ukoo wao na ukoo wetu ni watani, tangu mababu walipopigana, wakachoka, wakapatana. Siku ya kwanza aliniuliza kama kichwa changu nimezaliwa nacho au nimekiokota ufukweni. Tukawa marafiki papo hapo, na hatukuacha kutukanana mpaka ndevu zetu zikawa nyeupe.

Mimi baadaye nilipelekwa shule ya Wazungu, nikasoma mpaka sekondari, nikawa karani wa forodhani. Yeye akabaki na elimu ya dini, na ya nyota, na hesabu za mirathi ambazo mimi na cheti changu sikuziweza. Alikuwa mtu wa kulia katika sala mpaka ndevu zinalowa. Akishatoa salamu, macho bado mekundu, anakugeukia: "Rashidi, mbona kivuli cha mnazi ule leo ni kirefu kuliko cha mwezi uliopita saa kama hii?" Kwake yeye kumwabudu Mungu na kuuliza maswali ilikuwa kazi moja, tena kazi ya kufurahisha.

Mara ya mwisho tulipoonana alinishika mkono akasema, "Nikifa, mtani, uje unitukane. Hawa wanafunzi wangu watanifanya walii, nami sijui hata kuchinja kuku bila kufumba macho. Na umchekeshe Mwanatumu." Bi Mwanatumu ni dada yake, mjane, aliyekuwa akikaa naye nyumba moja. "Mwanatumu akipiga kelele yu salama," akasema. "Akinyamaza, ndipo mwogope."

Nikaahidi. Kisha akaugua, nikasema nitakwenda kumtazama mwezi ujao. Mwezi ukaja, nikasema ujao. Uzembe huo naujutia, na sina wa kumlaumu. Aliyeniletea habari ni mtu mmoja wa Shimoni anayeuza ng'onda, wale samaki wakavu: Maalim amezikwa, arobaini yake itasomwa Ijumaa, huenda shughuli ikaanzia Msambweni kwa binti yake. Na Bi Mwanatumu?

"Huyo," akasema muuza ng'onda, "tangu mazikoni hajatoa neno. Analishwa kijiko kimoja, anasukuma sahani."

Nikafunga kikoi na kanzu katika kifurushi, nikateremka Likoni.

Likoni mpaka Kombani

Kwenye feri nilifanya mazoezi. Msinicheke: matusi ya matanga si ya kuropoka, yanataka kupangwa kama mashairi. Nikasimama pembeni nikaelekeza uso majini, nikaanza kwa sauti ya chini: "Mnamlilia nani? Mnamlilia mtu aliyekuwa akiona mnazi anaukimbia?" Nilipogeuka nikakuta mama mmoja na wanawe wamehamia upande wa pili wa feri, na mkusanya tiketi ananitazama kwa huruma.

"Mzee, una wa kukupokea huko?" akaniuliza.

"Ninaye, lakini amekufa," nikamjibu.

Akanirudishia tiketi yangu kwa mikono miwili, kama mtu anayempa mgonjwa dawa.

Kombani nilishuka kwenye basi kutafuta gari la kwenda kusini. Ilikuwa siku ya soko. Nikala mbaazi za nazi kwa mahamri, na kwa kuwa moyo wangu ulikuwa umejaa Kombo, nikaanza kumsimulia mama aliyeketi karibu nami, Bi Mejumaa, mwenye vikapu viwili vya machungwa. Nikamweleza jinsi Kombo alivyompelekea Bwana DC swali la nyota, na Bwana DC akamwita mpimaji ardhi, na mpimaji ardhi akakuna kichwa akaomba apewe siku mbili. Bi Mejumaa akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ukaya wake wa kichwani. Lori likaja. Akapanda, nami nikapanda, maana hadithi ilikuwa haijafika mwisho.

Kombani mpaka Kwale, ambako sikuwa nakwenda

Niliketi juu ya magunia nimeipa mgongo njia. Kosa ndilo hilo. Nilikuwa natazama tulikotoka na wasikilizaji wangu, wakati tuendako sikukutazama hata mara moja. Magunia yakaanza kuniteremkia mapajani, nikasema huu ni ubovu wa barabara. Upepo ukawa baridi, nikasema ni mvua. Masikio yakaziba, nikasema ni uzee. Nilipofika mahali Kombo alipokataa zawadi ya mbuzi kwa kuwa mwenye kumpa alitaka mirathi ihesabiwe upya, lori likasimama, na mbele yangu nikaona ukungu na majani ya milimani.

"Hapa ndipo wapi?" nikauliza.

"Kwale," akasema Bi Mejumaa, akishusha machungwa yake.

"Lakini mimi nakwenda Msambweni!"

"Aka! Mbona hukusema?"

"Nawe mbona hukuniuliza?"

"Nikukate hadithi?" akasema, macho kayatoa. "Ilikuwa tamu! Ehe, yule mbuzi akawaje?"

Magari ya kushuka hayakuwapo tena siku hiyo. Nikalala kwa Bi Mejumaa na mumewe, mtu mpole aliyekuwa kiziwi sikio moja. Tulikula sima kwa mchicha wa nazi, na mkewe akanirudisha mwanzo wa hadithi zote ili mumewe naye asikie, kila neno mara mbili, mara ya pili kwa kelele. Nilikwenda kulala sauti imenikauka, ilhali ndiyo niliyoihitaji.

Kwale mpaka Diani

Alfajiri mumewe alinionyesha njia ya mkato inayoteremka mpaka barabara ya pwani. Alisema ni karibu. Nadhani alisahau kunitazama magoti. Nilishuka kilima kwa makalio pale palipokuwa na utelezi, na jua lilipokuwa utosini nikatokea Diani, kanzu nyekundu kwa udongo, nimekaa chini ya kivuli cha mkorosho nikihema.

Akapita mtu na baiskeli, mfuko wa mikate umefungwa nyuma. Alikuwa Mkamba, jina lake Mutua, mpishi wa Mzungu mmoja mwenye nyumba karibu na ufuo.

"Shikamoo mzee. Unaenda wapi na hii jua?"

"Marahaba. Nakwenda kumtukana rafiki yangu."

"Pole. Alikukosea nini?"

"Amekufa."

Baiskeli ikayumba, akashuka. "Sasa wewe, mtu akikufa, unakasirika?"

Nikacheka mpaka mbavu zikauma, kisha nikamweleza. Nikamwambia kwetu mtu akifa, nyumba inajaa majonzi, na majonzi yakikaa sana yanaoza. Kwa hiyo mtani huja kuyafagia. Huvaa kanzu ndani nje, humwigiza marehemu, humsema mbele ya watoto wake, na hakuna ruhusa ya kumkasirikia. Na mtani hapigi hodi wala hasalimu. Akishasalimu tu amekuwa mgeni wa heshima, imempasa aketi mkekani, anyamaze kama wenzake.

"Kwetu mtu ya kutukana maiti," akasema Mutua, "tunapeleka yeye kwa chifu."

"Huyo maiti mwenyewe ndiye aliyeniomba. Mwanachuoni mkubwa! Alisema kupiga mayowe juu ya maiti dini imekataza, kucheka haikukataza, basi mtani ni askari wa sheria."

Mutua akafikiri, akakanyaga chini mara mbili tatu. "Huyo rafiki yako alikuwa na akili," akasema. "Na kama wewe ndio utalia?"

"Mtani akilia kazi imeharibika."

"Basi usilie, mzee. Panda."

Akanipakia juu ya mikate ya Mzungu wake. Alikwenda nami mbali kupita alikokuwa akienda, akisema atamwambia bwana wake tairi lilitoka upepo. Tulipoachana akanikatia kipande cha mkate kilichopakwa kitu chekundu. Nikamwuliza kama kuna nguruwe. Akasema hapana. Nikamwuliza tena. Nilipouliza mara ya tatu akasema, "Mzee, hii ni matunda. Nguruwe haina rangi hii." Kilikuwa kitamu, Mungu anisamehe, na nililamba vidole.

Msambweni

Hapa ndipo mnapopataka, basi tulieni.

Niliingia Msambweni alasiri ya Alhamisi juu ya gari la makuti. Binti yake Maalim nilikuwa namjua, nyumba yake sikuijua. Ningaliweza kuuliza barabarani. Sikuuliza, kwa kuwa niliona mbele yangu nyumba yenye mikeka imetandazwa uani, wanaume wameketi vichwa chini, na ndani wanawake wanalia kwa sauti ya chini. Nikasema moyoni, matanga ndiyo haya. Na nikishafika uani siwezi kuuliza tena, maana kuuliza kunaanza na salamu.

Nikajificha nyuma ya banda la kuku, nikageuza kanzu ndani nje, nikajifunga kikoi kichwani kama kilemba cha kichaa, nikachukua ungo uliokuwa umeegemezwa ukutani, nikaruka katikati ya mikeka.

"Nyamazeni!" nikapaza sauti. "Mnamlilia nani? Mnamlilia mtu aliyekuwa akiona mnazi anaukimbia?"

Wakainua vichwa. Nikaona macho kama ya samaki sokoni.

"Maisha yake yote hakuangua dafu! Akitaka dafu anasimama chini, anauomba mnazi kwa adabu!"

Mtu mmoja mnene akatoa sauti puani. Jirani yake akaziba mdomo kwa kofia.

"Mikono laini kama ya bibi arusi! Kamba haijui, panga halijui! Kutwa yeye kitako, pua ndani ya kitabu, hivi!" Nikautia uso ndani ya ungo, nikawa nausoma kwa pua, kutoka kulia kwenda kushoto, nikipiga chafya kwa vumbi la mchele.

"Na kitabu!" akalia yule mnene, akaanguka ubavu. "Jamani, na kitabu! Nafa mimi!"

Uwanja ukapasuka. Wazee walikuwa wakipigana mabega. Ndani wanawake walinyamaza kulia, kisha nikasikia kicheko, kisha vicheko, na mmoja akapiga kigelegele akakikata katikati kwa haya. Nami nikavimba kichwa! Nikasema kumbe Kombo anajulikana hata huku, kila mtu anajua alivyouogopa mnazi. Nikamwaga yote. Nikaigiza anavyochinja kuku amefumba macho, nikaigiza anavyopotea njia ya kwenda msikitini kwa kutazama nyota. Sikubakisha hata tusi moja. Mwisho nikaitupa mikono juu:

"Ewe Kombo! Kombo wa Mkwiro! Huko ulikokwenda nani atakuangulia dafu?"

Kicheko kikafa kama taa iliyopulizwa.

"Kombo ni nani?" akauliza mzee mmoja mwenye kofia ya viua.

"Marehemu," nikasema.

"Marehemu ni Juma," akasema mzee. "Juma mkwezi. Msambweni nzima hapana mnazi ambao hakuukwea, na herufi hakuijua hata moja."

Ndugu zangu, nilitamani ule ungo uwe pango. Nilibaki nimesimama, kanzu mishono nje, nikitafuta maneno ambayo shule zote nilizosoma hazikunifundisha. Nikaanza kuomba radhi, nikayachanganya, nikamwomba radhi na jogoo aliyepita.

Mtu wa makamo akasimama, machozi yanamtiririka, nami sikujua ni ya hasira au ya kicheko. Alikuwa Athumani, mwana wa marehemu. Akanishika mabega.

"Mzee," akasema, "watani wetu wako mbali, hawajafika. Tangu tumzike baba nyumba hii haijatoa sauti ila kilio. Na wewe unatuambia baba yangu alikuwa akiuomba mnazi kwa adabu!" Akashindwa kuendelea. Yule mnene akamalizia kutoka chini mkekani: "Pua ndani ya kitabu!" Wakaanza upya.

Hawakuniacha niondoke. Nilikalishwa, nikaletewa wali wa nazi na mchuzi wa changu, na nilipomaliza wanawake wakatuma ujumbe kwamba wanataka ile ya kitabu irudiwe karibu na dirisha. Nikairudia. Waliniambia pia kwamba binti yake Maalim amekwisha kuvuka na watu wake kwenda Mkwiro tangu jana. Asubuhi Athumani akanipa haki ya mtani, jogoo mwekundu aliyefungwa miguu. Sikuweza kukataa. Haki ya mtani haikataliwi.

Msambweni mpaka Shimoni

Nilipata nafasi kwenye trekta la miwa. Dereva alikuwa mtu wa maneno machache, na jogoo alimdonoa sikio kabla hajayasema. Njia nzima walitazamana kwa chuki. Mahali fulani katikati ya mashamba, trekta likaruka shimo, kamba ikalegea, jogoo akasimama juu ya miwa, akawika mara moja kama anayeaga, akapotea shambani.

"Alhamdulillahi," akasema dereva. Ndiyo hadithi yote ya jogoo. Anayesema nilimkimbiza nusu maili hakuwapo. Ilikuwa robo.

Lakini baada ya hapo furaha ikanitoka kidogo, maana nilikumbuka jambo. Maneno yangu yote mazuri nilikuwa nimeyamaliza kwa Juma. Nilijaribu kutunga mengine, yakawa makavu kama ganda la muwa. Na mchana ulikuwa unakwenda.

Shimoni nilimkuta nahodha wa dau dogo anayevusha watu kwenda Mkwiro. Nilimwambia mimi ni mtani wa Maalim. Akanitazama kwa huruma, kama yule wa feri.

"Umekuja na matusi yako?" akauliza. "Basi, ujue mlangoni yuko Ustadh Salim, mwanafunzi mkubwa wa Maalim. Amesema utani ni ujinga wa kale, hautaingia nyumba ya elimu. Baada ya alasiri wanasoma dua, wanaondoa matanga, wanatawanyika."

"Na Bi Mwanatumu?"

"Anakaa nyuma ya pazia. Kama jiwe."

Mkwiro

Nilipanda kutoka ufukweni mbio za mzee, yaani mikono inakimbia kuliko miguu. Kanzu nilikuwa nimeigeuza tangu kwenye dau. Nikaiona nyumba, nikauona uwanja umejaa watu, nikavuta pumzi niingie kwa kishindo. Ustadh Salim akatoka mlangoni. Kijana mrefu, uso wa heshima, ndevu chache. Akaweka mkono kifuani, akanisalimu kwa sauti iliyosikika mpaka msikitini:

"Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh, mzee wetu."

Ah! Mwanafunzi wa Kombo kweli huyo! Kutoa salamu ni sunna, kuitika ni wajibu. Nikiitika nimekuwa mgeni. Nisipoitika nimeacha wajibu mbele ya nyumba ya Maalim, siku ya hitima yake. Nilikuwa kama jini lililotiwa chupani. Nikajua Kombo angalikuwapo angalipiga makofi.

"Waaleikum salaam," nikasema.

"Karibu mkekani," akasema Salim kwa upole mkubwa, akanisaidia kuigeuza kanzu yangu upande unaostahili.

Basi nikakaa, mgeni wa heshima, mdomo umefungwa. Hitima ikasomwa, machozi yalikuja mara mbili nikayameza. Ubani ukazunguka. Nyuma yangu palikuwa na pazia la mlango wa ndani, na karibu na pazia nikaona ncha za miguu ya mtu aliyeketi, vidole havitikisiki. Nilivijua. Vilikuwa vikinifukuza ua mzima utotoni, Kombo aliponileta kwao nasi tukamwibia visheti.

Salim akasimama kumsifu mwalimu wake. Alisema vizuri, na mengi yalikuwa kweli, lakini penzi lilimchukua. Akasema Maalim hakupata kukasirika. Akasema Maalim alikuwa akilala, ulimi wake unaendelea kumtaja Mungu. Akasema hata ndege walikuwa wakishuka kusikiliza. Nikamkumbuka Kombo alivyonishika mkono, akichelea jambo hilihili. Salim akauliza, "Yuko mwenye kuongeza?" Wote wakatikisa vichwa.

Mgeni hana ruhusa ya kutukana. Lakini hakuna desturi inayomkataza mgeni kusifu.

Nikainua mkono. Salim akanitazama kwa wasiwasi. "Kusifu tu, mwanangu," nikamwambia, nikasimama.

"Jamaa," nikasema kwa sauti ya msiba, "mimi nilimjua Maalim Kombo tangu utoto. Nashuhudia kwamba alikuwa na sauti tamu. Akiadhini, bulbuli wanaona haya."

Watu wawili wa makamo wakatazamana.

"Nashuhudia alikuwa mpishi hodari. Wali wake punje na punje hazijuani."

Mtu akakohoa. Nyuma yangu kidole kimoja cha mguu kikatikisika.

"Nashuhudia alikuwa shujaa wa bahari. Kuogelea kwake! Akitaka kwenda Shimoni, hakutaka chombo. Alijifunga kikoi, akajitosa, akakata maji kama nguru!"

"Mwongo!"

Ilikuwa sauti iliyokwaruza, kama mlango uliofungwa masika nzima.

"Mwongo weye Rashidi, na waliokuzaa! Kuogelea? Kombo? Kombo alikuwa akivuka kwenda Shimoni amefumba macho, anasoma Yasini pwani hii mpaka pwani ile, na mkono nimemshika miye! Akimaliza Yasini hatujafika, anaanza kulia!"

"Bi Mwanatumu," nikasema, "usimsingizie ndugu yako mbele za watu."

"Nimsingizie? Na hiyo adhana? Kombo akiadhini mbuzi wanakata kamba! Wazee walimwendea wakamsihi kwa jina la Mtume awaachie wengine thawabu! Na wali? Ule wali wake tulizibia ufa wa birika, haujavuja mpaka leo!"

Aliyeanza kucheka ni nahodha. Kisha ikawa kama ukuta ulioporomoka. Wazee wa Mkwiro, waliokuwa wamekaa siku zote hizo kama watu wa kuchorwa, walikuwa wakigaagaa. Mmoja alipaza sauti, "Na usingizi, Mwanatumu! Alikuwa akimtaja Mungu usingizini?"

"Alikuwa akikoroma! Tena akikoroma kwa hesabu za mirathi, anavuta theluthi, anatoa sudusi!"

Nikamtazama Salim. Uso wake ulikuwa umefunikwa kwa mikono miwili, mabega yanamtikisika, na nilipomkaribia nikazisikia pumzi zake, nikatambua kijana wa watu anacheka mpaka hawezi kusimama.

Bi Mwanatumu hakukoma. Alieleza Kombo alivyompa mwombaji kofia, akamkimbilia kumpa na viatu, akarudi nyumbani kumwuliza dada yake viatu amevivua wapi. Alieleza walivyokaa uani usiku wa joto, Kombo akimnyooshea kidole nyota moja moja, akimwambia hizi zote zina njia zake, Mwanatumu, na hakuna hata moja iliyopotea, basi sisi tutapotea vipi? Hapo sauti ikapasuka, akalia. Alilia kama wanavyolia watu wazima, kwa kilio cha kawaida chenye makamasi, na katikati ya kilio akasema nimletee maji, mwongo mimi, koo limemkauka, na mle jikoni kama upo wali wa shughuli na uje.

Nikageuka haraka kutazama pale Kombo alipokuwa akiketi kila nikishindwa maneno, nimwone anavyofurahi. Mkeka ulikuwa mtupu. Hapo kazi yangu ikaharibika, nikalia, na nahodha akapiga kelele, "Mtani analia! Mtani analia!" wakanicheka upya, nami nikawa nalia nacheka, nacheka nalia.

Matanga yakaondolewa kabla ya magharibi. Nikalala kwao, na asubuhi nikateremka ufukweni kurudi. Ustadh Salim akanifuata mbio, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Kutoka juu kijijini ilisikika sauti ya Bi Mwanatumu, inamweleza jirani, nadhani si mara ya kwanza, habari za mbuzi na adhana.

"Mzee Rashidi," akasema Salim, "usiku kucha hakunyamaza. Amemaliza ya Maalim, sasa ameanza ya kwangu. Umemfungua wewe, tafadhali, nani atamfunga?"

Nikaingia ndani ya dau, nikaketi.

"Mwanangu," nikamwambia, "kufunga si kazi ya mtani."